Mtaalamu wa Kuvu Naye ni Mhudumu wa Afya

Mgonjwa anapofikishwa hospitali akitapika baada ya kula uyoga, daktari hutaka kujua jambo moja kabla ya mengine: ni uyoga gani? Mara nyingi hakuna wa kujibu. Mabaki yamekwisha kumwagwa, na hata yangekuwapo, wanaoweza kuyatambua ni wachache mno. Pengo hilo halihesabiwi miongoni mwa mapengo ya huduma za afya, kwa kuwa mtaalamu wa kuvu hudhaniwa kuwa mtu wa misituni tu. Dhana hiyo ni potofu, na gharama yake hulipwa na mgonjwa.

Mkazi wa Rau huishi na kuvu kila siku. Msitu wa hifadhi wa Rau hulishwa na maji ya ardhini, na unyevu wake huotesha uyoga juu ya magogo na majani yanayooza. Juu zaidi, katika misitu ya Kilimanjaro, miti imevikwa likeni, zile nyuzi za kijani-kijivu zinazoning'inia kama ndevu. Likeni ni ushirika: kuvu hujenga makazi, na mwani uliomo ndani hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Kuvu nyingine hustawi juu ya binadamu mwenyewe, nazo ndizo ziletazo mapunye kichwani mwa mtoto na fangasi za miguuni.

Kwamba elimu hii na utabibu vyaweza kukaa katika mtu mmoja, ushahidi upo. Thomas Douglas Victor Swinscow alikuwa daktari wa Uingereza na naibu mhariri wa jarida la British Medical Journal. Kitabu chake cha takwimu, Statistics at Square One, kilichotoka mwaka 1976, kimewafundisha madaktari wengi kupima ushahidi kwa hesabu. Daktari huyo huyo alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Chama cha Likeni cha Uingereza mwaka 1958, na mwaka 1988, pamoja na Hildur Krog wa Norwei, alitoa kitabu Macrolichens of East Africa, kinachoeleza likeni kubwa za Afrika Mashariki. Hakuwa na akili mbili. Kutazama kwa makini, kulinganisha, kutaja jina sahihi na kuandika kilichoonekana ndiyo kazi ya mtaalamu wa likeni, na ndiyo kazi ya daktari kando ya kitanda.

Kazi hiyo haikubaki mikononi mwa wageni. Mwaka 2003 Marja Härkönen na Tuomo Niemelä wa Ufini, pamoja na Leonard Mwasumbi wa Tanzania, walichapisha kitabu cha uyoga wa Tanzania, unaoliwa na unaodhuru. Mwaka 2008 Donatha Tibuhwa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake walieleza spishi mpya ya uyoga kutoka Tanzania, Cantharellus fistulosus. Njia imekwisha kufunguliwa. Wanaoipita ndio wachache.

Faida yake hospitalini ni dhahiri. Uyoga wenye sumu ya amatoksini hauonyeshi dalili mpaka saa sita au zaidi zipite. Kisha mgonjwa hutapika na kuharisha, hupata nafuu ya muda, na hatimaye ini hushindwa. Kupika hakuondoi sumu hiyo. Asiyeujua uyoga huo aweza kumruhusu mgonjwa kwenda nyumbani katika ile nafuu ya uongo. Kuvu ya kriptokokasi, iishiyo katika udongo na kinyesi cha ndege, huleta homa ya uti wa mgongo kwa wenye VVU ambao kinga yao imeshuka sana, ilhali kipimo cha damu chaweza kuigundua kabla haijafika ubongoni. Krimu ya steroidi ikipakwa juu ya fangasi ya ngozi hupunguza muwasho, huku ugonjwa ukienea na kubadili sura. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa kwa mara ya kwanza orodha ya kuvu 19 za hatari zinazostahili kupewa kipaumbele.

Yupo atakayeuliza: hospitali yenye upungufu wa dawa na vitanda italipaje mshahara wa mtu wa uyoga? Hoja hiyo ina uzito, lakini dawa inayotolewa bila kujua adui ni fedha iliyopotea, na mtaalamu mmoja aweza kuhudumia kanda nzima. Wala mwanzo hauhitaji jengo. Kabati la vielelezo vilivyokaushwa, vipindi vichache katika mtaala wa matabibu na wataalamu wa maabara, na makubaliano na idara ya baiolojia ya chuo jirani vyatosha kuanzia.

Mgonjwa naye ana sehemu yake. Aliyeugua baada ya kula uyoga afike hospitali upesi, hata akihisi nafuu, na ndugu zake wabebe mabaki katika karatasi, si katika mfuko wa plastiki unaoozesha. Chuo kina wajibu mzito zaidi: kuhakikisha kwamba mabaki hayo yakifika, yupo wa kuyafungua na kuyatambua.