Kabla ya kuuza ng'ombe, keti uhesabu



Kila mwaka, matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, benchi lililo nje ya ofisi yetu ya parokia hupata wageni wa aina moja. Mzazi huja na kijana wake, na mkononi ana bahasha. Mwaka huu mmoja wao alikuwa mama mjane wa hapa Murungu, wilayani Kibondo. Binti yake amefaulu Kemia na Baiolojia, na moyo wake uko kwenye famasi. Ndani ya bahasha kulikuwa na fomu za vyuo vitatu vya stashahada. "Baba Paroko," akaniuliza, "nimpeleke kipi? Na akimaliza, kazi ataipata?"

Sikumjibu siku ile. Nilimwomba anipe wiki moja. Nilikuwa na sababu, nayo inaniaibisha.

Miaka kadhaa iliyopita baba mmoja aliniletea fomu ya chuo cha mbali ambacho ada yake ilikuwa ndogo kuliko vingine vyote. Niliiona ile ada nikafurahi. Nikaandika barua ya utambulisho, jumuiya ndogondogo zikachanga, na yule baba akauza ng'ombe wawili. Hakuna aliyeuliza kama kozi ile imesajiliwa. Hata mimi, niliyekaa seminarini miaka mingi nikifundishwa falsafa na teolojia, sikuuliza. Kijana alisoma zaidi ya mwaka mmoja ndipo akagundua kwamba kozi haikuwa na usajili, na kwamba asingeruhusiwa kufanya mtihani. Akarudi nyumbani. Ng'ombe hawakurudi.

Katika Injili ya Luka, sura ya 14, aya ya 28 hadi ya 30, Yesu anatuwekea mbele mtu anayetaka kujenga mnara. Asipoketi kwanza kupiga hesabu, ataweka msingi, fedha zitamwishia, na wapita njia watamcheka. Ni kweli kwamba Bwana alikuwa akifundisha gharama ya kumfuata. Lakini mfano ameutoa kwenye fedha na mawe, kwa watu waliojua fedha na mawe. Hamlaumu mjenzi kwa kutamani mnara, na wala haoni kuwa kupiga hesabu ni uhaba wa imani. Sisi huku tumezoea kusema "Mungu atafungua njia", kisha tunamsukuma mtoto kwenye basi. Hiyo wakati mwingine si imani. Ni uvivu wa kuketi.

Tena wazazi wa leo hawakuzoezwa hesabu hii. Tangu mwaka 2016 mtoto husoma bila ada hadi kidato cha nne, na tangu 2022 hadi kidato cha sita. Ni jambo jema, tumshukuru Mungu na walioliamua. Lakini maana yake ni kwamba mkulima wa maharage na mihogo anakutana na ada kubwa kwa mara ya kwanza chuoni, wakati mtoto ameshakuwa mtu mzima na majirani wameshaanza kumwita "daktari".

Basi wiki iliyofuata mama yule alirudi, tukaketi watatu, yeye, binti na mimi, na daftari la mistari.

Jambo la kwanza lilikuwa usajili. Vyuo vya ngazi hii viko chini ya NACTVET, na kila mwaka baraza hilo hutoa kitabu cha mwongozo kinachotaja vyuo na kozi. Vyuo vikuu vinasimamiwa na TCU. Anayehitimu naye hutambuliwa na Baraza la Famasi, lililowekwa na sheria ya mwaka 2011. Chuo kinaweza kuwa na jengo zuri na usajili wa kozi nyingine, huku kozi ya famasi haina. Uliza kozi, usiulize chuo tu. Kati ya fomu tatu, moja tuliirudisha kwenye bahasha hapo hapo. Ndiyo iliyokuwa rahisi kuliko zote.

Jambo la pili lilikuwa gharama yote. Chuo kimoja kiliandika ada ya shilingi 1,200,000 kwa mwaka. Tukafungua ukurasa wa nyuma: mitihani, mafunzo kwa vitendo, koti jeupe, bima ya afya, michango mingine, jumla 600,000. Hosteli hakuna, hivyo chumba cha kupanga kama 500,000. Hiyo ni 2,300,000 kwa mwaka, na kwa miaka mitatu 6,900,000. Chuo cha pili ada yake ilikuwa 1,500,000 pamoja na hosteli, na michango 300,000. Kwa miaka mitatu ni 5,400,000. Chakula hatukukihesabu, maana binti atakula popote alipo. Mama aliitazama ile namba kwa muda, akasema, "Kumbe cha bei ghali ndicho cha bei nafuu."

Jambo la tatu ndilo gumu, na hapo sikutaka kumdanganya. Kazi hazitoshi. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilipotangaza nafasi 1,596, walioomba walizidi 130,000, yaani zaidi ya watu themanini kwa kiti kimoja. Hawakuwa watu wa famasi, lakini hali hiyo ya vijana wasomi inagusa kila fani, na afya pia. Huku kwetu kuna la ziada. Kwa miaka mingi kambi za Nyarugusu na Nduta ziliwapa kazi vijana wengi wa Kasulu na Kibondo kupitia mashirika. Wakimbizi wakirejea kwao na fedha za wafadhili zikipungua, milango hiyo nayo inafungwa.

Lakini hebu tuulize: soko limejaa wapi? Mjini, barabara moja ina famasi tano. Toka hapo uende vijijini kwetu, utakuta mgonjwa ananunua vidonge vinne vya antibayotiki kwa sababu ndiyo fedha aliyonayo, na anayemuuzia hajui kumwambia kwamba dozi isiyokamilika inawafanya wadudu kuwa sugu. Yoshua bin Sira, sura ya 38, anasema Bwana ndiye aliyetoa dawa katika ardhi, na anamtaja mtengeneza dawa kuwa mshiriki wa kazi hiyo ya Mungu. Mshiriki huyo anahitajika pale alipo mgonjwa. Ndiyo maana nchi yetu ilianzisha Maduka ya Dawa Muhimu, kuanzia mkoani Ruvuma mwaka 2003, ili hata kijijini awepo mtoa dawa aliyefundishwa.

Sisemi kwamba kurudi kijijini ni rahisi. Duka linahitaji mtaji, kibali na chumba kinachokubalika, na wateja wetu wana fedha baada ya mavuno tu. Kijana anayeambiwa "jiajiri" bila mtaji ameambiwa neno tupu. Babu zetu Waha walipanda magari wakaenda kukata mkonge kama manamba, kwa sababu huku fedha haikuwapo. Tusishangae wajukuu nao wakitazama mbali.

Kwa hiyo nina ombi kwa wenye vyuo, na sisi Kanisa tukiwemo, maana nasi tunavyo: msiandike "ajira ya uhakika" kwenye tangazo. Andikeni gharama yote ukurasa wa kwanza. Na kwa jumuiya zetu: tunapomchangia mtoto ada, tusiishie kwenye sherehe ya kumuaga. Tulipe chuoni kwa awamu, na tubakize kidogo cha kumwanzishia kazi siku atakaporudi. Mnara hauna faida ukiishia kwenye cheti.

Yule mama amechagua chuo cha pili. Nilimuuliza kama ana amani. Akanijibu, "Baba, simwambii atapata kazi. Namwambia atajua kazi. Nitauza ng'ombe mmoja sasa, mwingine nitamwacha." Binti alikuwa kimya, akinakili namba zetu kwenye daftari lake mwenyewe.

Jioni ile nilikwenda kwa yule kijana wa zamani. Siku hizi anaendesha bodaboda, ana mke na mtoto mmoja. Nilimwomba msamaha kwa barua niliyoiandika bila kuuliza. Alinyamaza kidogo, kisha akasema wa kuombwa msamaha ni baba yake. Alisema kweli. Tulipanda pikipiki tukaenda wote wawili.

Jumapili njema, na Mungu awabariki.