MKOLONI KAONDOKA, RAMANI YAKE YA MAJUMBA INGALI MEZANI!

Kijana mwenzangu wa Singida, jibu swali moja. Kwa nini miji mingi ya zamani ina mtaa unaoitwa Majengo? Singida upo, Dodoma upo, Moshi upo. Vuka mpaka uende Mombasa na Nairobi, utaukuta. Halafu Arusha unaonyeshwa Uzunguni, na Mbeya unaonyeshwa Uhindini. Unadhani mitaa hiyo iliota kama uyoga? Majina waliyatoa watu, lakini mipaka ilichorwa ofisini na kupigwa mhuri.

Mjerumani ndiye aliyeanza. Amri yake ya mwaka 1895 ilisema ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya dola ya Kaisari. Babu yako Mnyaturu, mlima uwele na mfuga ng'ombe, angeonyesha karatasi gani? Mwingereza akaja kupigilia msumari: Sheria ya Ardhi ya 1923 ikaiweka ardhi ya Tanganyika chini ya Gavana.

Mjini kukachorwa kanda. Dar es Salaam iligawanywa tatu: ya kwanza nyumba za Kizungu, ya pili maduka na makazi ya Wahindi, ya tatu wenyeji, yaani Kariakoo na jirani zake. Pale Mnazi Mmoja pakaachwa uwanja mtupu, na sababu mojawapo waliyoitoa ni kuzuia malaria isitoke kwa Mswahili ikamfikia bwana mkubwa. Jamani, mbu gani huyo anayejua kusoma ramani?

Sasa sikiliza ujanja wenyewe. Makaburu wa Afrika Kusini, mwaka 1950, walitunga sheria ya makazi iliyotaja rangi waziwazi. Mwingereza hapa alikuwa akitawala kwa dhamana ya Shirikisho la Mataifa, hakutaka kelele. Sheria yake ya miji haikusema Mwafrika asikae Oyster Bay. Ilitaja aina ya nyumba! Nyumba ya miti na udongo ikawa marufuku kwenye kanda za wakubwa. Wakati huohuo sheria nyingine ikasema anayemkopesha mwenyeji bila kibali cha Serikali hawezi kulidai deni lake mahakamani. Nani angekukopesha saruji?

Umeona mtego? Huna mkopo, hujengi nyumba ya kudumu. Hujengi nyumba ya kudumu, hupati kiwanja cha kanda ya juu. Ukibaki kanda ya tatu, unapewa kibali cha muda mfupi na kulipa kodi ya kiwanja, na kibali hicho hakuna benki inayokipokea kuwa dhamana. Mduara umefungwa, na neno "rangi" halikuandikwa!

Uhuru ulipokuja 1961 tulitarajia ramani ile ichanwe. Shirika la Nyumba likaundwa 1962. Aprili 1971 Serikali ikataifisha majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, mengi yakiwa ya Waasia, akakabidhiwa Msajili wa Majumba. Kabwela akapiga makofi hadi viganja vikauma. Je, alipata funguo? Wachache walizipata. Walio wengi walibaki kulekule kwenye chumba kimoja na choo cha jumuiya. Benki ya Nyumba iliyokuwa imkopeshe ikafilisika, ikafungwa 1995.

Kisha mwaka 2002 Serikali ya chama tawala ikaanza kuuza maelfu ya nyumba za umma. Wanunuzi walikuwa nani? Watumishi wa Serikali hiyohiyo! Zilikuwamo za Oyster Bay, palepale alipolala bwana mkubwa. Ngozi ya anayelala imebadilika, ua ni uleule. Mkoloni alitenga kwa rangi, walanchi wakarithi kwa cheo.

Kwa hiyo usidanganywe ukamrushia jiwe Mhindi muuza duka. Naye alichorewa kanda yake kama wewe. Adui ni sheria inayompa mmoja karatasi nzito na mwingine karatasi nyepesi.

Karatasi hizo bado zipo. Chini ya Sheria ya Ardhi Namba 4 ya 1999, mwenye kiwanja kilichopimwa hupata hati ambayo yaweza kufika miaka 99. Aliyejenga pasipopimwa huambulia leseni ya makazi ya miaka michache. Aliyejenga pasipopimwa ni nani kama si wewe, mwendesha baiskeli, mpiga debe na muuza alizeti? Ulijenga huko kwa sababu kupima kulichelewa na tumbo halikusubiri. Kisha mji unapanuka, unalimeza shamba la baba yako, unaambiwa wewe ndiye mvamizi!

Sheria hiyohiyo inasema fidia iwe kamili, ya haki na kwa wakati. Ishike hiyo. Diwani atakapokuja kuomba kura, muulize mbele ya mkutano: viwanja vilivyopimwa vimegawiwa kwa nani, na mbona orodha haibandikwi ukutani? Kupima na kupata hati kunagharimu kiasi gani, na mlalahoi atalipa kwa awamu au la? Kwa nini barabara na bomba la maji hutangulia kwa wakubwa?

Asipojibu, usimpigie makofi. Makofi tulishapiga 1971.