Bastola kiunoni: Mfuko unaoibeba nao uangaliwe

Na Mwandishi Wetu, Bukoba

MSIMU wa kahawa unapofika katika vijiji vya Bukoba na Muleba, fedha taslimu hutembea. Hutembea ndani ya bahasha za kaki, ndani ya makoti na chini ya viti vya Hiace zinazotoka mjini Bukoba kwenda Kashozi, eneo lililo kaskazini mwa mji ambako wamisionari wa White Fathers walifungua misheni yao mwaka 1892. Pamoja na fedha hizo, kwa wachache wenye leseni, hutembea pia bastola.

Kwa miaka mingi mjadala wetu kuhusu bastola hizo umekuwa juu ya nani apewe na nani anyimwe. Ni mjadala halali na hauna budi kuendelea. Hata hivyo, lipo swali ambalo halipewi nafasi: bastola ikishatolewa kwa mujibu wa sheria, mwenyewe anaibebaje? Wapo wanaoichomeka tu kiunoni, kati ya mkanda na shati. Wapo wanaoitia katika mfuko wa suruali pamoja na funguo na simu. Wapo wanaokwenda kwa fundi viatu kushonesha mfuko wa ngozi kwa kukadiria. Jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama silaha ya raia mwema itabaki kuwa yake hadi jioni.

Mkoa wa Kagera una sababu ya kulijali jambo hili kuliko mikoa mingi. Vita ya mwaka 1978 na 1979 dhidi ya majeshi ya Idi Amin ilipiganwa hapa. Mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walimiminika Ngara na Karagwe, na katika miaka iliyofuata ujambazi wa kutumia silaha za kivita ukawa jambo la kawaida katika barabara za mkoa, kiasi kwamba mabasi yalilazimika kusindikizwa na polisi. Julai 2013 Rais Jakaya Kikwete, akiwa ziarani mkoani humo, alitoa siku 14 kwa wenye silaha haramu kuzisalimisha, na Septemba mwaka huo ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Geita na Kigoma.

Mazingira hayo ndiyo yaliyowafanya baadhi ya wafanyabiashara kuomba leseni. Lakini mazingira hayo hayo yana maana nyingine ambayo mwombaji huisahau: mahali penye majambazi wanaotafuta silaha, bastola iliyo kiunoni mwa mtu ni mali inayowindwa kama fedha zilizo mfukoni mwake, pengine zaidi.

Ushahidi wa jambo hilo ni mwingi na ni wa damu. Septemba 2014 kituo cha polisi cha Bukombe, katika mkoa jirani wa Geita, kilivamiwa, askari wakauawa na bunduki zikachukuliwa. Julai 2015 ikawa zamu ya kituo cha Stakishari, Dar es Salaam. Na Agosti 25, 2021, karibu na Ubalozi wa Ufaransa jijini humo, mtu mmoja mwenye bastola aliwapiga risasi askari waliokuwa kazini, akachukua bunduki zao na kuendelea kuua kwa kuzitumia. Matukio haya hayakuhusu mifuko ya bastola, na mwandishi hadai kwamba mfuko ungeyazuia. Yanathibitisha jambo moja tu: anayetaka silaha huanzia kwa aliyenayo.

Sheria inasemaje? Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 ilichukua nafasi ya ile ya mwaka 1991 na kuimarisha usimamizi wa umiliki. Mwaka uliofuata, 2016, Jeshi la Polisi liliendesha uhakiki wa silaha nchi nzima, na Rais John Magufuli mwenyewe alihakiki za kwake. Watu walipanga foleni vituoni wakiwa na bastola, bunduki za kuwindia na vitabu vya leseni. Namba zilisomwa, karatasi zikagongwa mihuri.

Wenzetu wa Afrika Kusini wameliandika suala la ubebaji waziwazi. Kifungu cha 84 cha sheria yao ya udhibiti wa silaha ya mwaka 2000 kinataka bastola inayobebwa mahali pa umma iwe katika mfuko uliotengenezwa kwa kazi hiyo na uliofungwa mwilini mwa mbebaji, au katika begi au chombo kinachofanana nalo. Kinataka pia ifunikwe kabisa isionekane, na mbebaji awe na uwezo wa kuidhibiti. Kwa maneno machache sana, sheria hiyo imeunganisha mambo matatu: mfuko, ufiche na udhibiti. La tatu ndilo gumu, na ndilo hasa suala letu.

Udhibiti una maadui wawili. Wa kwanza ni mkono wa mtu mwingine. Wa pili ni mwenye bastola mwenyewe.

Kwa huyu wa pili, mfano maarufu duniani ni wa Plaxico Burress, mchezaji nyota wa mpira wa Marekani. Novemba 2008 aliingia katika klabu ya usiku jijini New York akiwa ameichomeka bastola katika kiuno cha suruali ya mazoezi, bila mfuko wowote. Bastola ikateleza kushuka mguuni, ikalia, risasi ikampata pajani. Mwaka uliofuata alihukumiwa kifungo cha miaka miwili jela kwa sababu hakuwa na kibali cha kuibeba katika jiji hilo. Mtu tajiri, mwenye uwezo wa kununua mfuko wa aina yoyote, aliutegemea mpira wa suruali.

Kwa adui wa kwanza, Wamarekani walijifunza kwa gharama. Polisi wao walikuwa wakinyang'anywa bastola katika purukushani na kuuawa kwa silaha zao wenyewe. Kutokana na hali hiyo, ofisa wa zamani wa FBI, Bill Rogers, alibuni mifuko yenye vizuizi na akaweka kipimo ambacho watengenezaji wengi wanakitaja hadi leo. Mfuko unavaliwa mwilini ukiwa na bastola isiyo na risasi. Mtu mwingine anaushika mpini na kuvuta kwa nguvu zake zote kwa sekunde 5. Bastola ikibaki, mfuko umefaulu daraja la kwanza. Kisha kizuizi kimoja kinafunguliwa na zoezi linarudiwa. Ikibaki tena, hilo ni daraja la pili. Ndivyo inavyoendelea.

Hapa mnunuzi hana budi kuwa mwangalifu, kwani neno "daraja" limekuwa neno la wauzaji. Wapo wanaohesabu kila kifungo na kila mkanda kuwa daraja bila kufanya jaribio lolote. Wengine huita "kizuizi" ule msuguano tu wa plastiki iliyoumbwa kwa joto, aina ya Kydex, unaoibana bastola kwa kukaza skrubu. Msuguano una faida yake: bastola haitadondoka ukikimbia. Lakini mtu aliyeushika mpini akavuta sawasawa ataondoka nayo.

Je, raia anayebeba kwa siri anahitaji kufuli mbili au tatu kama askari wa doria? Kwa maoni ya mwandishi, hapana. Askari bastola yake inaonekana na kila mtu. Ya raia inapaswa kufichwa, na siri yenyewe ni kizuizi cha kwanza. Lakini siri hudumu katika nchi ambazo mtu hutoka nyumbani ndani ya gari lake na kushuka ofisini. Kashozi si hivyo.

Hebu tuitazame safari ya kawaida. Hiace imejaa, abiria wamebanana bega kwa bega na wengine wamesimama wameinama. Jirani yako ataligusa pajani jambo gumu ambalo si simu, na siri imekwisha kabla ya kituo cha pili. Ukishuka unapanda bodaboda. Ukipakiwa mshikaki, aliyekaa nyuma yako kiuno chako chote kiko mikononi mwake. Kama bastola imechomekwa mgongoni, mahali ambapo wengi wanapapenda kwa kuwa shati linafunika vizuri, wewe huioni na yeye anaihisi. Na pikipiki ikianguka, unaangukia chuma kwa uti wa mgongo.

Kwa sababu hiyo, kwa mazingira yetu, mfuko wenye msuguano pekee ni mdogo mno. Unaofaa ni ule wenye msuguano na kufuli moja, linalofunguliwa kwa kidole gumba wakati mkono unaushika mpini kwa namna ya kawaida. Ipo mifuko ambayo kufuli lake hubonyezwa kwa kidole cha shahada. Hiyo iepukwe. Kidole hicho, kikiwa bado kinabonyeza wakati bastola inatoka, huishia kwenye kifyatulio, ambacho wengi tunakiita triga, na mdomo wa bastola wakati huo unaelekea mguuni. Vyuo kadhaa vya mafunzo ya silaha huko Marekani vimeipiga marufuku mifuko ya namna hiyo katika viwanja vyao.

Kuna mambo mengine ambayo hayana mjadala. Mfuko uwe umetengenezwa kwa ajili ya aina ile ile ya bastola. Mfuko wa nailoni unaodaiwa kuingia kila bastola haubani hata moja. Uifunike triga yote, pande zote mbili, kwa kitu kigumu. Mdomo wake ubaki wazi bastola ikiwa nje, ili kuirudisha kusilazimu kutumia mikono miwili. Na ufungwe kwenye mkanda mgumu, kwani kufuli haliwezi kusaidia ikiwa mfuko mzima unang'oka pamoja na bastola. Wanunuzi wengi hutumia fedha zote kwenye bastola, kisha wakaininginiza kwenye mkanda laini wa suruali ya kanisani.

Ngozi inahitaji aya yake, maana ndiyo inayopatikana kwa mafundi wetu. Ngozi nene, iliyoumbwa vizuri, imefanya kazi hii kwa zaidi ya karne. Lakini Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na unyevu wa ziwa hauna likizo. Ngozi ikilowa na kukauka mara kwa mara hulegea. Mdomo wa mfuko hujikunja kwa ndani, na lile kunyanzi linaweza kuingia kwenye triga wakati bastola inarudishwa. Ukisukuma, inalia. Aidha, bastola inayolazwa ndani ya mfuko wa ngozi usiku kucha hushika kutu. Mwenye mfuko wa ngozi uliolegea autupe, hata kama ulikuwa wa baba yake.

Mahali pa kuvaa napo pana maneno. Kwapani chini ya koti, mtindo unaopendwa na wazee wa mjini wavaao kanzu na koti, huonekana wa heshima, lakini katika mifuko mingi ya aina hiyo mdomo wa bastola hulala ukimwelekea aliyekaa kiti cha nyuma. Mkoba wa mkononi, ambao akina mama wenye leseni hushauriwa kuutumia, ndicho kitu cha kwanza kunyakuliwa na wezi wa pikipiki. Kinachobaki ni nyonga ya upande wa mkono unaotumika, mbele kidogo ya mfupa, ambapo kiwiko chenyewe kinaweza kuilinda. Si pazuri kwa kukaa muda mrefu. Hilo ni kweli na halina dawa.

Kisha lipo jambo ambalo magazeti hayaliandiki. Vyoo vyetu vingi ni vya kuchuchumaa. Anayefungua mkanda huku bastola ikishikiliwa na mkanda huo huo, bila kufuli, anaweza kuipoteza mahali ambapo hakuna askari atakayeingia kuitafuta. Vivyo hivyo kwa anayesujudu msikitini au anayeinama kumwaga mchanga kaburini. Ingawa kwa kweli, mwandishi haoni bastola inatafuta nini msibani au penye lubisi. Siku hizo kabati la chuma nyumbani linatosha.

Hapana mfuko, wa bei yoyote, unaozuia hasira. Novemba 2006 aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Tabora, Ditopile Mzuzuri, alihusishwa na kifo cha dereva wa daladala aliyepigwa risasi barabarani jijini Dar es Salaam. Alishtakiwa kwa mauaji, shtaka likabadilishwa kuwa la kuua bila kukusudia, naye akafariki dunia Aprili 2008 kabla kesi haijamalizika. Machi 23, 2017, mbele ya kamera za waandishi, mtu aliyevaa kiraia alimtolea bastola Nape Nnauye, aliyekuwa ametoka tu kuondolewa katika Baraza la Mawaziri. Katika matukio yote mawili swali la kwanza ni kwa nini bastola ilitoka, wala si ilikuwa imehifadhiwa katika nini.

Lakini kwa mwenye leseni anayepanda Hiace kwenda Kashozi au Kamachumu akiwa na fedha za watu, swali la pili linabaki pale pale. Anapofika kituoni kuhuisha leseni yake, askari husoma namba ya bastola na kuilinganisha na kitabu. Ingechukua dakika moja zaidi kumwambia aitoe risasi zote, aivae bastola tupu kama anavyoivaa kila siku, kisha askari aushike mpini na kuvuta kwa sekunde 5.