Miche Ingojayo

Katika nchi za Ulaya, majira ya baridi yakaribiapo, watu huingiza vyungu vya maua katika banda la gari. Humo hamna moto, ila jalidi haiingii. Mmea hulala, hunyweshwa kidogo tu, na baridi ipitapo huamka.

Jirani yetu wa Bungulu alipata habari hiyo. Alikuwa na miche 80 ya kakao katika vifuko, na njia ya shamba lake haipitiki kwa sababu ya mauaji yaliyoanza wilayani Beni mnamo Oktoba 2014. Basi akaiingiza miche 40 bandani penye giza, na 40 akaiacha uani chini ya kivuli cha makuti.

Baada ya majuma matatu ile ya bandani ilikuwa ya manjano, imerefuka kama uzi, majani yakipukutika. Kakao haijui kulala! Asili yake ni misitu ya joto ya Amazon. Hudai mwanga na maji siku zote, na gizani hujila yenyewe.

Ile ya uani ingali hai. Lakini mche ukipita miezi sita kifukoni, mzizi mkuu hujikunja chini, na mti wake huwa dhaifu. Mumewe alisema iuzwe. Mama amekataa, juma hili anaihamisha katika vifuko virefu zaidi, akikata kwa kisu kikali ncha zilizojipinda, kwa maana njia bado haijafunguka.