Nyumba ya Mkristo: Mtoto Asiyeweza Kukariri Katekisimu

Mwezi uliopita tuliahidi kuendelea na habari za sala ya jioni nyumbani, na ahadi ile twaikumbuka. Walakini limetujia jambo lisiloweza kungoja, nasi twaomba radhi kuiweka sala ya jioni kando hata toleo lijalo.

Jumapili moja, baada ya Misa, mama mmoja kijana alitujia nyuma ya sakristia, akiisha kungoja watu wote watawanyike. Mgongoni alikuwa na mtoto wa miezi 2, amemfunika kanga hata uso usionekane, na jua lilikuwa kali. Akamfunua kidogo, akatuuliza kwa sauti ndogo, "Mwalimu, nimetenda dhambi gani?" Hatukuhitaji kuelezwa zaidi. Tulimtazama mtoto yule: macho yamepanda kidogo pembeni, pua ni bapa, shingo na viungo vimelegea kama kitambaa kilicholowa, na katika kiganja mstari mmoja umekata toka upande hata upande. Tuliyajua yote hayo. Tumekaa nayo nyumbani kwetu miaka 13.

Kwanza na tumjibu mama huyu, maana swali lake wanalo wengi wasiothubutu kuja nyuma ya sakristia. Wanafunzi wa Bwana walimwuliza swali hilo hilo walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, kama tusomavyo katika Injili ya Yohane, sura ya 9: walitaka kujua nani alikosa, yeye ama wazazi wake. Bwana alikataa yote mawili. Ikiwa Yeye amekataa, sisi ni nani hata tukae barazani tukitafuta mkosaji?

Na wenye elimu nao wametupa jibu lao. Katika chembe za mwili wa mwanadamu zimo nyuzi ndogo mno ziitwazo kromosomu, 46 kwa hesabu, zimepangwa jozi 23, nusu za baba na nusu za mama. Mtoto wa hali hii, katika jozi ya 21, hupata tatu badala ya mbili. Tabibu Mwingereza John Langdon Down aliandika habari zao mwaka 1866, ndiyo maana hali yao yaitwa Sindromu ya Down. Lakini sababu yake haikujulikana hata mwaka 1959, huko Paris, Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin walipotangaza habari ya ile kromosomu moja iliyozidi. Hutukia tangu mwanzo kabisa wa mimba, kabla mama hajajua kuwa ana mimba. Si chakula alichokula, si mtu aliyemcheka, si jicho la jirani. Hutokea kwa Wazungu na kwa Waafrika, kwa matajiri na kwa maskini, yapata mtoto mmoja katika kila 700 hadi 1,000 wanaozaliwa. Ni kweli kwamba umri wa mama ukizidi, jambo hili huzidi kutokea. Lakini wengi wa watoto hawa huzaliwa na mama walio chini ya miaka 35, kwa kuwa hao ndio wazaao zaidi. Wa kwetu alizaliwa mamaye akiwa na miaka 29. Kwa watu wachache, kama 3 au 4 katika 100, hali hii ni ya namna nyingine inayoweza pengine kupita katika ukoo. Kwa hiyo atakaye kujua habari ya watoto wajao na amwulize daktari, asimwulize shangazi.

Twasema hivi kwa uchungu, maana shangazi walikuwapo. Mwanetu alipozaliwa, jamaa wa upande wetu walinena kwamba ni damu ya upande wa mke. Jamaa wa mke wakanena kwamba wazee waliolala wamekasirika kwa sababu tumeacha matambiko tukashika kazi ya dini. Mzee mmoja akaleta mbuzi, akaomba tumruhusu japo mara moja tu, usiku, Padre asijue. Mbuzi tulimrudisha. Hapo tulijiona kuwa Wakristo hodari.

Lakini sikieni yaliyofuata. Mtoto yule tulimbatiza siku ya Jumanne, alfajiri, watu wakiwa mashambani. Padre alipokuja kula nyumbani kwetu, mtoto alikuwa jikoni na dada yake, na mlango umerudishwa. Mgeni akiuliza idadi ya watoto wetu, twajibu, kisha twageuza maneno. Miaka mitatu tuliishi hivyo. Tulimkataa mganga, lakini aibu ya mganga tuliipokea.

Tena alipokuwa na miaka 5 tulikuwa tukimwita na yeye haji. Tulidhani ni ukaidi. Tulimpiga makofi zaidi ya mara moja, tukisema kwamba asiyeonywa utotoni hataonyeka. Hata siku moja mwuguzi wa watoto akamtazama masikio, akatuambia kwamba nyuma ya ngoma ya sikio mna majimaji, naye alikuwa hatusikii. Basi, alikuwa akipigwa kwa sababu ya kutosikia. Kofi lile tumeliungama, na bado twalikumbuka.

Ndiyo sababu tulimwambia mama yule kijana mambo ya kutenda juma hili, wala si ya mwakani. La kwanza ni moyo. Karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na kasoro ya moyo, mara nyingi tundu kati ya vyumba vyake, na pengine sikio la daktari halisikii kitu. Sharti wapimwe kwa mashine ionyeshayo picha ya moyo. Mtoto atokaye jasho anyonyapo, au achokaye upesi, au apumuaye mbio, au ambaye midomo yake hugeuka rangi, asingojewe. Zamani waliambiwa hakuna dawa. Leo hapa Tanzania, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyoko Dar es Salaam hupasua mioyo ya watoto na kuitengeneza. Mwanetu moyo wake ulikuwa mzima, walakini hatukulijua hilo mpaka alipokuwa na miaka 4. Haikuwa busara yetu, bali huruma ya Mungu.

La pili ni kunyonya. Misuli yao ni milegevu, nao huchoka upesi, hivyo mama hudhani maziwa yake yamekataliwa. Hayakukataliwa. Mtoto na aamshwe, kidevu chake kishikwe kwa kidole, anyonye kidogo kidogo mara nyingi. Akishindwa kabisa, maziwa yakamuliwe akanyweshwe kwa kikombe. Masikio na macho yapimwe mara kwa mara, na damu pia, kwa ajili ya tezi ya shingoni ambayo kwao huweza kuwa dhaifu, ikamfanya mtoto awe mzito kuliko alivyo. Mengine yatafuata: atakaa, atatembea, atasema, kwa kuchelewa. Wa kwetu alitembea akiwa na miaka 2 na miezi 7, akiwafuata kuku.

Sasa tufike katika jambo lililotufanya tuandike.

Kwa miaka 20 tumefundisha watoto wa Komunyo ya kwanza, na kanuni yetu ilikuwa moja: mtoto asimame, aulizwe, ajibu neno kwa neno kama katekisimu isemavyo. Asiyeweza alirudi nyumbani mwaka mwingine. Watu walitusifu kwa ukali huo, nasi tulipenda kusifiwa. Mwanetu alipotimiza miaka 10, tuliandika majina ya watoto wa mwaka ule, na jina lake hatukuliandika. Mwenzetu wa nyumbani akaisoma karatasi mezani. Yeye hutuita kwa jina la mtoto wetu wa kwanza. Akituita Mwalimu, twajua tumekosa. Akanena, "Mwalimu, watoto wa watu wote umewaandika. Huyu wangu umemwachia nani amwandike?"

Tulijibu kwamba hawezi kukariri hata Baba Yetu. Naye akajibu, "Sikukuuliza habari za kukariri." Akaenda kupakua ugali.

Tulikwenda kwa Padre, tukitumaini, twakiri, kwamba atatuunga mkono. Padre hakutuunga mkono. Alifungua kitabu akatuonyesha amri ya Papa Pius wa Kumi, ya tarehe 8 Agosti 1910, ambayo sisi kama mwalimu ilitupasa kuijua: kwamba mtoto ajongee Meza ya Bwana tangu umri wa kama miaka 7, ikiwa anajua mambo makuu ya imani kadiri ya uwezo wake, na anatambua tofauti kati ya Mkate wa Ekaristi na mkate wa kawaida. Tena akatuonyesha kanuni ya 777 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983, inayomwagiza paroko aangalie kwamba wenye upungufu wa mwili au wa akili nao wafundishwe kadiri ya hali yao. "Mlete kesho," akasema.

Tukamleta. Padre alikuwa na kipande cha mkate mkononi. Akamwuliza, "Hiki nini?" Mwanetu akacheka, akasema, "Chai," kwa maana kwake mkate na chai ni kitu kimoja. Kisha Padre akamshika mkono, wakaingia kanisani, akamwonyesha tabernakulo na taa yake nyekundu. "Na kule?" Mwanetu hakujibu mara moja. Alivua kofia, ambayo nyumbani hatukubali kamwe kuivua hata kwa kulala, akaweka kidole midomoni kama mamaye afanyavyo kututuliza wakati wa sala. Kisha akasema polepole, "Yesu."

Padre alitutazama. Hatukuwa na la kunena.

Tulimfundisha miezi 8, jambo moja tu kwa mwezi, tena kwa mikono zaidi kuliko kwa maneno: kupiga ishara ya Msalaba, kupiga goti, kufungua kinywa, kukaa kimya baadaye. Alipokea siku ya Ekaristi Takatifu pamoja na wenzake 34. Tangu siku ile tumebadili namna ya kuwauliza watoto. Na usiku ule hatukulala vema, tukawakumbuka wale tuliowarudisha katika miaka 20. Watatu kati yao, tukifikiri sasa, hawakuwa wavivu. Walikuwa watoto wa namna ya mwanetu au waliokaribiana naye. Tuliwatafuta. Mmoja amekwisha kupokea, akiwa na miaka 19. Wa pili yuko katika mafundisho. Wa tatu tulikuta alikwisha kufa, na mamaye alitukaribisha kwa maziwa, asitulaumu.

Limebaki swali moja ambalo wazazi huulizana gizani: tukifa, nani? Si swali la maskini peke yao. Jenerali Charles de Gaulle wa Ufaransa na mkewe Yvonne walikuwa na binti wa hali hii, Anne, aliyezaliwa mwaka 1928. Wakati ule wenye cheo waliwapeleka watoto kama hao mbali, wasionekane. Wao walimlea nyumbani, na yule askari mkali, warefu wote wakimwogopa, alimwimbia na kumchezea bintiye. Hofu yao ya baadaye iliwafanya waanzishe nyumba ya kuwatunza mabinti wenye hali hiyo. Kisha Anne akawatangulia wazazi wake, mwaka 1948, akiwa na miaka 20. Siku hizi wengi huishi zaidi: huko Marekani, mwaka 1983 wastani wa maisha yao ulikuwa kama miaka 25, na sasa ni kama 60. Ni habari njema, nayo huliongeza lile swali uzito.

Sisi hatuna mali ya kujenga nyumba ya watu wengi. Tulichofanya ni kuwaita watoto wetu na ndugu zetu wawili, tukala pamoja, tukauliza waziwazi. Kifungua mimba wetu alisema kwamba hawezi, ana nyumba ya kupanga mjini na mke ambaye hajazoea. Tulikasirika, lakini heri ukweli wake kuliko ahadi ya uongo. Binti yetu wa pili alikubali, kwa sharti kwamba shamba la mtoni liandikwe kwa jina la nduguye, yeye awe mlinzi tu, na wengine wasije kulidai baadaye. Tumeandika, mashahidi wametia sahihi. Mwenyewe alikuwa akigawa nyama, ndiyo kazi yake katika nyumba yetu, na hamnyimi mtu. Alimpa kaka yake kipande kikubwa.

Mama yule kijana atarudi kwetu Jumatano. Mwenzetu atafuatana naye mpaka hospitali ya wilaya, waombe barua ya kupimwa moyo. Mumewe amekwenda kwa wazazi wake, hatujui kama atarudi. Tutamwendea Ijumaa, pamoja na mwanetu. Mtoto hajabatizwa bado. Mama aliomba iwe siku ya kazi, asubuhi na mapema. Tumemwambia amlete Jumapili, Misa ya pili, watu wawapo wengi, naye asimfunike uso.