Swali Lisilorudiwa

Ndege ikipata ajali, wengi huuliza kwanza habari za mitambo. Swali hilo ni la haki, lakini halitoshi. Tarehe 27 Machi, 1977, katika kisiwa cha Tenerife, ndege mbili za aina ya Boeing 747, moja ya KLM ya Uholanzi na nyingine ya Pan Am ya Marekani, ziligongana uwanjani penye ukungu mzito. Walikufa watu 583. Mitambo ilikuwa mizima.

Rubani mkuu wa KLM, aliyekuwa pia kiongozi wa mafunzo ya marubani wa ndege hizo katika shirika lake, alianza kuondoka bila ruhusa. Mhandisi wa ndege, akiwa amesikia mazungumzo ya redio, aliuliza kama ile ya Pan Am ilikuwa bado haijatoka njiani. Alijibiwa kwa mkazo kwamba imekwisha toka. Hakuuliza tena.

Wako wasemao kwamba mhandisi alikosa ujasiri. Hukumu hiyo ni nyepesi mno. Nani atabishana na mwalimu wa walimu, tena kwa nafasi ya sekunde chache? Mzigo ulikuwa wa mkubwa: asimamishe ndege kwanza, majibu yaje baadaye. Mwaka 1981 shirika la United la Marekani lilianza kuwafundisha marubani wakuu kusikiliza, na wasaidizi kusema wazi. Mashirika mengine yakafuata. Lakini katika maabara za shule, penye asidi na moto, mwanafunzi amwambiaye mwalimu "Subiri" mara nyingi huhesabiwa kuwa hana adabu.