Maoni: Kidole gumba cha kwado hakiwezi kupima upepo wa piki

Jumamosi asubuhi, kwa kwado mmoja karibu na soko hapa Butembo, nilihesabu piki saba zilizowekwa upepo kwa muda wa nusu saa. Hakuna hata moja iliyopimwa. Kwado anachomeka mpira wa kompresa, anangoja kidogo, anaminya pine kwa kidole gumba, anasema: « Iko sawa, kaka. » Motari anatoa franka zake, anapakia abiria wawili na mfuko wa muhogo, anaondoka.

Nilikuwa na kipima-upepo changu mfukoni, kile ambacho wengine wanaita manometa. Niliwaomba wamotari watatu wa mwisho ruhusa ya kupima pine za nyuma. Ya kwanza ilikuwa na 19, ya pili 41, ya tatu 30. Kwado yule yule, kompresa ile ile, kidole kile kile. Mwenye 41 alicheka akasema kwamba anapenda pine ngumu. Mwenye 19 hakucheka.

Tuseme kwanza namba hizo ni za nini. Ni kipimo cha PSI, kinachoandikwa kwenye vipimo vingi vinavyouzwa kwetu. Kwa Boxer na piki nyingine ndogo za aina hiyo, zile tunazopanda kila siku, pine ya mbele inahitaji karibu 25. Ya nyuma inahitaji karibu 28 motari akiwa peke yake, na 32 akibeba mtu. Ukitumia kipimo cha bar, 25 ni kama 1.7, na 32 ni 2.2. Namba za piki yako zimo katika kitabu chake, na mara nyingi ziko pia kwenye karatasi iliyobandikwa karibu na mnyororo, kama bado haijachubuka. Usizitafute ubavuni mwa pine. Namba iliyochongwa pale ni ile ambayo pine haipaswi kupita, na wapo wanaojaza mpaka hapo wakidhani ndiyo amri ya kiwanda.

Kati ya 19 na 32 kuna tofauti kubwa, lakini kidole hakiioni. Pine za kazi zina ubavu mgumu, na pine mpya yenye 20 inaweza kukataa kidole kuliko pine iliyochakaa yenye 30. Wengine wataniambia kwamba kompresa ya kwado ina saa yake. Ni kweli, lakini mara nyingi saa ile inaonyesha upepo ulio ndani ya tanki la kompresa. Ikisoma 100, haikuambii lolote juu ya pine yako.

Nilijifunza jambo hili kwa njia mbaya. Miaka iliyopita nilikuwa ninateremka Kyavinyonge kwa kazi, nyuma ya motari kijana, njia ile ya mteremko na vumbi ambayo samaki wa ziwa Edouard wanapitia kuja Butembo. Katika kona moja alikamata breki, piki ikayumba nyuma kama mtu aliyelewa, tukaenda chini. Mimi nilichunika mkono. Yeye alivunjika mfupa wa bega na akakaa miezi bila kazi, na nyumbani kwake kulikuwa na watoto wanne. Fundi alipofungua gurudumu alituonyesha: shina la valvu lilikuwa limelala upande na kupasuka chini yake. Pine ikikosa upepo inateleza juu ya rimu kila unapokamata breki, na inavuta mpira wa ndani pamoja nayo. Valvu imepita katika tundu la rimu, haiwezi kufuata. Siku moja inakatika na upepo wote unatoka mara moja. Tangu siku ile, kabla ya kupanda piki yoyote, ninaangalia valvu ya nyuma. Ikiwa imelala, ninatafuta motari mwingine, hata kama huyu amekwisha kunipunguzia bei.

Upepo mdogo una madhara mengine, na yanakula pesa polepole: piki inakuwa nzito, mafuta ya kadhafi yanaisha mapema, na kwenye jiwe mpira wa ndani unabanwa kati ya jiwe na rimu na kutoboka mashimo mawili yanayopakana. Kwado anaziba, motari analaani msumari ambao haukuwapo. Upepo ukizidi nao si nguvu. Pine inakanyaga kwa mstari mwembamba wa katikati, inaliwa hapo tu, na katika matope yetu mekundu baada ya mvua inateleza kama sabuni. Mwenye 41 ajue hivyo.

Basi ninasema wazi: kila motari awe na kipima-upepo chake, na anunue kile kinachofaa. Katika maduka ya vipuri hapa mjini viko vya aina tatu. Kuna cha mfano wa kalamu, ambacho kijiti kinaruka nje na kuonyesha namba. Kuna cha saa, chenye mshale. Kuna cha dijitali, chenye kioo.

Cha kalamu ni rahisi kwa bei na hakina betri, lakini vumbi likiingia kijiti kinakwama, na mistari yake ni midogo kwa mtu anayesoma saa kumi na moja asubuhi. Cha dijitali kinasomeka vizuri hata gizani. Kasoro yake ni betri, vile vidude vidogo vya mviringo ambavyo si kila duka linavyo, na betri ikianza kuchoka si rahisi kujua kama namba bado ni ya kweli. Kwa kazi ya motari mimi ninachagua cha saa, chenye mpira unaokizunguka ili kikianguka mshale usipotoke. Bei ya cha kawaida haifiki bei ya pine moja mpya.

Hapo ndipo watu wengi wanakosea, kwa sababu wanaangalia ukubwa wa saa na hawaangalii mwisho wa namba zake. Muuzaji atakupa kinachofika 160 na kukuambia ni cha nguvu, kinapima hata kamyo. Kikatae. Kosa la kipimo cha namna hii kwa kawaida linahesabiwa kwa asilimia ya namba ya mwisho. Kosa la asilimia 2 kwenye kipimo cha 160 ni zaidi ya PSI 3, kwenye cha 60 ni 1 na kidogo. Tena vipimo hivi vinasema ukweli zaidi katikati kuliko pembeni, na 25 mpaka 32 iko karibu kabisa na katikati ya saa ya 60. Cha kamyo kiende kwa kamyo.

Angalia pia kichwa chake. Kwenye piki, valvu iko ndani kati ya spoku, na nyuma kuna breki upande mmoja na mnyororo upande mwingine. Kichwa kilichonyooka hakifiki vizuri, upepo unavuja ukisikia fyuu, na namba unayosoma ni ya uongo. Tafuta chenye kichwa kilichopinda au chenye kampira kafupi kanakokunjika. Kama kina kitufe cha kupunguza upepo, vizuri zaidi: unaweka kidogo kupita kiasi, kisha unapunguza mpaka namba unayotaka bila kukitoa. Kabla ya kulipa, pima pine moja mara tatu mfululizo. Kikitoa 28, 31, 26, kirudishe mezani. Ukiweza, linganisha na cha fundi unayemwamini.

Kupima kwenyewe ni asubuhi, kabla ya abiria wa kwanza, pine ikiwa baridi. Baada ya mbio pine inapata joto na namba inapanda kwa 3 au 4. Anayepunguza upepo wakati huo, kesho anaamka na pine laini. Wanaokwenda Kasindi wataona pia kwamba namba inabadilika kidogo njiani bila mtu kugusa valvu, kwa kuwa kutoka milima yetu mpaka bonde la Semliki hewa ya nje inazidi uzito, na joto nalo linazidi. Moja linashusha namba, lingine linaipandisha. Si jambo la kuhangaikia. Pima asubuhi pale unapolala.

Ninajua jibu la wamotari wengi, kwa sababu nimelisikia kila nilipotaja habari hii: piki si yangu, ni ya patroni, na versement ya jioni hainisubiri. Ni hoja ya kweli. Mtu anayepeleka pesa kila jioni hana hamu ya kununua chombo cha kulinda mali ya mwingine. Lakini bega lililovunjika Kyavinyonge halikuwa la patroni. Na patroni anayehesabu versement kila siku ya kazi angeweza kununua kipima-upepo kimoja siku anapokabidhi piki, pamoja na kofia, na kukiandika katika makubaliano yao.

Kwa vyama vya wamotari, ombi langu ni dogo. Wanatoza mchango kwenye kila parkingi. Kipima-upepo kimoja cha 60 kwa kila parkingi, kifungwe kwa kamba mahali anapokaa anayeandika majina, na kila motari apime kabla ya kuingia kwenye mstari. Kwa makwado vilevile: anayelipwa kwa kuweka upepo aonyeshe namba kwa mteja, kama vile muuza nyama anavyoonyesha mizani.

Yule motari wa 19 alirudi kwa kwado mbele yangu na kuomba aongezewe. Tulipima mara nne mpaka ikafika 32, kwa kuwa mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuwa amekwisha kupanda. Aliuliza tunachelewa kwa sababu gani, motari akamuonyesha saa, naye akasogeza mtoto vizuri na kungoja.